Spika ya Nyuma Kushoto

Jioni ile Besi alifunga saluni mapema. Mteja wake wa mwisho, mwalimu wa hesabu wa mtaani kwao, alinyolewa ndevu haraka haraka mpaka akashika kidevu kuhakikisha bado kipo.

"Leo unakimbilia wapi?"

"Nafuata risiva."

"Kwa uso huo nilidhani unakwenda kuposa."

Besi alicheka, akaning'iniza taulo, akavuta mlango. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika siku nyingi. Watu walimwita Besi kwa sababu saluni yake ilisikika kabla haijaonekana. Mashine za sauti alizifuatilia kama wengine wanavyofuatilia viwanja. Zile za bei ya chini alizijua vizuri: spika tano za plastiki, mlio wa nyuki ndani ya kopo. Zile za bei ya juu aliishia kuzitazama kwenye simu, akizifunga upesi mkewe akipita. Alitaka ya katikati. Risiva nzito, mashine ya kuendeshea spika za sinema ya nyumbani, yenye nguvu ya kweli, ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiweka sebuleni bila kuuza kitanda.

Wala haikuwa kwa ajili ya kujionyesha. Alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo alipojifunza kusema, hakuwa na kituo, maneno yalimtoka tangu alfajiri, wakamwita Chiriku. Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake. Jina likabaki, maneno yakahamia vidoleni. Sasa alikuwa na miaka tisa, anasoma shule ya viziwi, anaongea kwa alama na kusoma midomo ya watu kama gazeti. Lakini siku moja, kwenye harusi ya jirani, alibandika kiganja kwenye spika kubwa, akahisi ngoma ikimpanda mkononi, akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. Besi alikiona kicheko kile. Tangu siku hiyo alikuwa anatafuta sabufa, spika ile ya mngurumo.

Nyumba aliyoelekezwa kwenye tangazo ilikuwa mwisho wa barabara, milango ya kijani, taa haijawashwa.

"Hodi!"

"Karibu. Sukuma tu."

Akasukuma. Kilichomkuta kwanza ni harufu. Nywele zilizoungua. Kinyozi hawezi kuikosea harufu hiyo. Akatafuta kwa macho pasi ya nywele, au mshumaa, au chochote chenye moto. Hakuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ipo hapo."

Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, khanga imefungwa kifuani. Katikati ya sebule risiva ilikuwa imewekwa sakafuni, imefutwa vumbi, spika na sabufa zimeizunguka kama watoto wanaosubiri hadithi. Besi akachuchumaa. Akaipima uzito kwa mikono yote miwili. Akageuza, akatazama matundu ya waya nyuma. Safi. Akahesabu spika.

"Mama, ya nyuma kushoto siioni."

"Haipo."

"Ilipotea?"

"Nimesema haipo."

Mjane akaanza kukunja waya taratibu, macho yake hayako kwenye waya.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu. Mimi, mama watoto, na binti."

"Wote mnasikia vizuri?"

Besi alidhani anaulizwa kuhusu kelele. "Sisi wakubwa tunasikia. Binti ndiye asiyesikia."

Mikono ya mjane ikasimama.

Nyuma ya nyumba, mahali fulani, kitu kilijongea. Kama mtu anayejiweka sawa kitini... Mjane akageuza uso kule, akasubiri, kisha akamrudia Besi.

"Hasikii kabisa?"

"Kabisa."

"Basi chukua." Na bei akaipunguza mwenyewe, bila kuombwa.

Besi alikuwa ameshaubeba mzigo, anavuka kizingiti, aliposikia nyuma yake mnong'ono.

"Haya. Nimempata."

Akadhani mama yuko kwenye simu.

*

"Umeleta jeneza la nani?" mkewe akauliza. Alikuwa muuguzi wa zamu, amerudi amechoka, viatu mkononi.

"Mama Chiriku, hii ni sinema."

"Ikipasua kioo cha dirisha, utakwenda kulala nayo saluni."

Lakini alisaidia kusogeza makochi. Chiriku alishika waya, macho yanang'aa, akiuliza kwa vidole: *Itatetemeka? Itatetemeka kweli?*

Risiva za daraja hili huja na kipaza sauti kidogo, cha kuwekwa pale mtu anapokaa. Unakichomeka, unajitenga, unanyamaza. Mashine inapiga mlio kwenye spika moja, kisha nyingine, inakisikiliza chumba, halafu inaandika kwenye televisheni ni spika zipi zipo na ziko mbali kiasi gani. Besi alikuwa amesoma habari zake mpaka angeweza kuota. Akawanyamazisha wote, akabonyeza.

*Tuuu...* Mbele kushoto.

*Tuuu...* Katikati.

*Tuuu...* Mbele kulia.

*Tuuu...* Nyuma kulia.

Kisha ikafika zamu ya ile isiyokuwepo. Palipaswa kuwa kimya.

*Tuuu...*

Ulikuwa mlio mdogo, wa mbali, kama unatoka chini ya blanketi. Besi akageuka. Kona ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa tupu. Ukuta mweupe na kigoda cha mtoto, basi. Televisheni ikaandika:

NYUMA KUSHOTO: IPO. UMBALI: MITA TISA.

Sebule yenyewe haikufika nusu ya hapo. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na uchochoro, na nyuma ya uchochoro ukuta wa jirani.

"Inasemaje?" mkewe akauliza.

"Imechanganyikiwa na mwangwi. Zote za bei hii zina vituko." Akarudia kupima. Ikaandika vilevile. Akazima ukurasa ule, akaweka filamu.

Na filamu ilikuwa tamu, tusidanganyane. Chiriku alikumbatia sabufa kama mtu aliyempata nduguye. Kila kishindo kilipopita mikononi mwake alimtazama baba yake kuona kama naye amekipata. Mama Chiriku alisahau kabisa habari ya vioo.

Kesho yake saluni ilikuwa haina habari nyingine.

"Sasa kati ya kumi unaipa ngapi?" mwalimu wa hesabu aliuliza, kitambaa shingoni.

"Saba. Sauti za watu zinatoka safi, huulizi kasemaje. Mvua ikinyesha kwenye filamu, unatoka mbio kwenda kuanua nguo. Besi yake inakaa, haipigi kelele. Isipokuwa inapata joto kama pasi, na rimoti ina vitufe vingi kuliko akili ya mtu."

"Hizo ni mbili. Nyingine umeitolea nini?"

Besi akazima mashine ya kunyolea.

"Nyingine sijaijua bado," akasema.

Hakusema kwamba jana, filamu ilipokwisha na spika zote zikanyamaza, upande mmoja haukunyamaza. Palikuwa na pumzi. Ndogo... inaingia, inatoka.

*

Jioni moja, giza linaanza kuingia, Besi alikuwa anajaribu muziki mpya. Chiriku alikaa mahali pake, kiganja juu ya sabufa. Ghafla akaondoa mkono. Akageuza kichwa. Si kama mtu aliyeona kitu. Kama mtu aliyeitwa.

Alitazama kona ya nyuma kushoto.

*Nani anaita?* akauliza kwa vidole.

Besi alisimama nyuma yake. Akapiga makofi nyuma ya kisogo cha mtoto. Hakushtuka. Akaangusha sinia sakafuni, likalia mpaka jirani akauliza kulikoni. Chiriku hakupepesa jicho. Besi akazima risiva, mtoto akainamisha kichwa kama aliyekatishiwa maongezi. Akaiwasha.

Chiriku akageukia kona, akatabasamu.

Mkewe aliporudi kutoka zamuni alimkuta kinyozi amekaa sakafuni analia kama mtoto mdogo.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na furaha ya kutisha. Chiriku alianza kutamka. Mwanzoni vipande, kisha maneno mazima, si kwa ile sauti ya kubahatisha ya mtu asiyejisikia, bali sauti laini, iliyonyooka, ya mtoto anayesikia. Jioni moja alisimama mlangoni pa jikoni akasema, "Mama, nasikia," na mama yake akaachia sufuria ya maji miguuni pake.

Muuguzi ni muuguzi. Alimpeleka kwa daktari wa masikio hospitalini kwake. Daktari akapima, akarudia, akavua miwani.

"Dada, hakuna kilichobadilika. Huyu mtoto hasikii hata ngurumo."

"Mbona nyumbani anasikia?"

"Labda anaona. Watoto hawa wanaona mengi."

Mama Chiriku akamshika mtoto mkono, wakarudi. Walipofika, aliwasha risiva mwenyewe.

Besi ndiye aliyeanza kuogopa. Aliona Chiriku amesogeza kigoda, kimetoka karibu na sabufa kimeelekea kona. Siku iliyofuata kimesogea tena. Aliona hatazami tena midomo yao. Ukimwashiria, anakukwepa kwa macho, kama mtu mzima anayesumbuliwa simuni. Na harufu ile, ya nywele zilizoungua, ilikuwa imeingia kwenye mapazia.

Akachukua kile kipaza sauti, akapima upya.

NYUMA KUSHOTO. MITA TANO.

Keshoye, mita tatu.

Akamwita mtoto, akapiga magoti mbele yake, akamshika kidevu ili amtazame.

*Anakuambia nini?*

Chiriku alijibu kwa mdomo, kwa sauti ile nzuri. "Anasema kule kuna nafasi. Anasema nikienda nitasikia vyote. Nitasikia mvua. Nitasikia shuleni. Na sauti yako, baba. Anasema sauti yako ni nzito, nzuri."

"Ni nani?"

"Anasema nisimtaje kwa mtu anayesikia."

Usiku ule Besi alichomoa plagi, akataka kuitoa risiva. Mkewe akasimama mbele ya kabati la televisheni, mikono ameitandaza.

"Usiiguse."

"Mama Chiriku, hiki kitu si kizima."

"Najua." Mikono hakuishusha. "Najua, baba. Mimi nimefumba macho ya wafu wengi, najua harufu ya kitu kisicho kizima. Lakini ameniita mama. Miaka yote hii sijaitwa. Niachie kidogo tu..."

Besi akairudisha plagi mahali pake. Akajichukia.

*

Alirudi kwa mjane jioni, jua likielekea kuzama. Alikuwa amejiandaa kukuta nyumba imehamwa. Mjane alikuwa kibarazani, kama aliyekuwa anamngoja. Hakushangaa.

"Imefika umbali gani?" akauliza.

Besi akapanda kibarazani. Akakaa bila kukaribishwa.

"Mama, umeniuzia nini?"

Mjane akasogea kando kumpa nafasi.

"Nilikuwa na mtoto wa kiume. Hakusikia tangu kuzaliwa. Mume wangu alimpenda kama wewe unavyompenda wako. Tulizunguka hospitali mpaka tukachoka. Mwishowe akaenda kwa mtu. Watu wa aina hiyo huomba kuku, huomba nguo nyeusi. Huyu hakuomba hivyo. Aliuliza, 'Nyumbani una kitu kinachotoa sauti?' Akataka spika moja, na nywele za mtoto. Akazichoma pamoja. Akazika. Wapi, hakutuambia. Jioni ile ile mwanangu akasikia."

"Halafu?"

"Halafu akawa anasikia upande mmoja tu. Kila siku karibu zaidi. Nilifurahi kama mkeo anavyofurahi sasa. Siku moja nilikwenda jikoni kuchukua chumvi. Niliporudi, kiti kiko wazi. Sauti yake inatoka mle kwenye risiva."

"Mlimtafuta?"

"Nimtafute wapi? Nilikuwa namsikia." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Baba yake alikufa akimsikiliza. Mimi nikabaki naye. Kila jioni ananiambia amechoka kukaa peke yake. Mtoto wangu, mwanangu. Kila jioni. Anataka mtu wa kucheza naye, na asiyesikia ndiye pekee anayemsikia vizuri."

Besi akasimama. "Kwa hiyo uliniuliza makusudi."

"Wewe usingeuliza?"

Besi akashuka kibarazani, kisha akageuka.

"Nani alimwita mwanao?" akauliza.

"Aliyekuwa kule kabla yake," mjane akasema. "Kimbia, baba. Jua linazama."

*

Alikimbia. Kinyozi mwenye kitambi alikatiza mtaa na aproni yake ya kazi, watu wakimwachia njia.

Sebuleni taa zilikuwa hazijawashwa. Mkewe alikuwa kwenye kochi, machozi yanamtiririka, anatabasamu.

"Msikilize," akanong'ona. "Anasimulia hadithi..."

Chiriku alikuwa kwenye kigoda chake. Kigoda kilikuwa kimefika konani. Magoti yake yamegusa ukuta, paji la uso limegusa ukuta, macho ameyafumba. Anaongea. Anasema, ananyamaza, anacheka, anajibu.

Kwenye televisheni ule ukurasa ulikuwa wazi, na hakuna aliyechomeka kipaza sauti.

NYUMA KUSHOTO. MITA SIFURI.

Besi akang'oa plagi ukutani.

Taa ya risiva haikuzima.

Akatoa mkasi kwenye aproni, akakata waya zote za spika, moja baada ya nyingine. Spika za mbele zikafa. Ya kulia ikafa. Lakini Chiriku aliendelea kucheka. Nyuma ya risiva, yale matundu mawili ambayo hayakuwahi kuwa na waya yalikuwa ya moto kiasi kwamba yalimbabua kidole.

Akamrukia mtoto, akamziba masikio kwa viganja. Upuuzi. Masikio yale yalikuwa yamezibwa miaka mingi. Akamgeuza. Macho ya Chiriku yalibaki yamefumbwa, na mtu aliyefumba macho huwezi kumwambia kitu kwa vidole. Mwili wake ulikuwa mwepesi... Mwepesi kama nguo iliyovuliwa. Besi alihisi anamponyoka mikononi hali amemshika.

"Mama Chiriku! Nisaidie!"

Mkewe alikuwa amesimama. Tabasamu lilikuwa limekwisha usoni.

"Kiganja chake," akasema. "Mpe kiganja!"

Besi akaushika mkono wa mtoto, akaubandika kooni pake mwenyewe, akaukandamiza. Akaita. Hakuita kwa kelele. Aliita kwa ile sauti ya chini kabisa aliyokuwa nayo, ile inayotoka tumboni, inayotikisa mifupa.

"Chiriku."

Hakuna kitu.

"Chirikuuu..."

Vidole vidogo vikajikunja shingoni mwake. Kope zikatikisika. Akafumbua macho.

"Baba," akasema, sauti laini, safi. "Anasema nikibaki huku sitasikia tena."

Besi angeweza kumdanganya. Lakini mtoto alikuwa anamsoma midomo, na midomo ya baba yake alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote.

*Kweli,* akamwambia kwa vidole. *Hutasikia.*

"Hata mvua?"

*Hata mvua.*

Chini ya mkono wa mtoto, koo la Besi lilikuwa linapanda na kushuka. Mama yake akaja akapiga magoti, akauchukua mkono wa pili, akauweka kifuani pake, juu ya moyo. Wakakaa hivyo. Wote watatu, kwenye mwanga wa televisheni.

Chiriku akaanza kulia. Sauti yake ikaanza kulegea, ikapoteza umbo, ikawa tena ile sauti ya zamani, ya kubahatisha, ya mtu asiyejisikia. Akauelemeza mwili wake wote kwa baba yake. Ukawa na uzito.

Ndipo Besi naye akasikia. Kutoka konani, karibu kabisa na bega lake, sauti ya mtoto wa kiume.

"Na mimi?"

Taa ya risiva ikazima.

*

Asubuhi mkewe alimletea nyundo. "Ivunje," akasema. "Ivunje na vipande vyake nitavimwaga mimi."

Besi aliitoa nje, akaiweka juu ya tofali. Akainua nyundo. Akaona alama za vidole vya mtoto kwenye kile kioo cha mbele, vidogo, vya mtu aliyezoea kugusa kuona kama kuna mtetemo. Huenda vilikuwa vya Chiriku. Huenda havikuwa vya Chiriku. Mkono ukakaa juu mpaka ukachoka.

Hakuivunja. Mtoto wa mtu alikuwa mle.

Aliirudisha kwa mjane bila kudai kitu, akaiacha kibarazani, akabisha, akaondoka. Hakuwa amefika mbali aliposikia mlango unafunguka na kitu kizito kinavutwa ndani, taratibu, kwa upole.

"Pole," mjane alikuwa anasema. "Pole, mwanangu. Tutatafuta mwingine."

Besi alisimama barabarani. Alijua angepaswa kurudi. Alijua angepaswa kuwaambia watu, lakini angewaambia nini, na nani angemsikiliza? Akaenda saluni. Siku hiyo hakuwasha muziki, na mwalimu wa hesabu hakuuliza kwa nini.

Chiriku alikasirika kwa muda mrefu, kisha hasira ikamwisha kama mafua yanavyokwisha. Akarudi kwenye vidole vyake. Alikuwa na maneno mengi kuliko zamani, na wakati wa chakula mama yake alilazimika kumkumbusha ashike kijiko. Hakutamka tena. Wakati mwingine Mama Chiriku alisimama mlangoni pa jikoni akiwa na sufuria mkononi, anamtazama, halafu anarudi kwenye moto. Walinunua redio ndogo ya kawaida. Mtoto aliipenda, ingawa haitetemeki sana.

Maisha yakaendelea hivyo, mpaka siku mteja mmoja alipomgusa Besi bega.

"Nimekuambia usiguse masharubu, mara tatu! Husikii?"

Hakuwa amesikia. Sikio la kushoto lilikuwa kama limejaa maji. Daktari yuleyule wa hospitali alitazama, akasema ni safi, hakuna nta, hakuna kidonda, arudi baada ya mwezi. Besi hakumwambia mkewe. Hakumwambia pia kwamba lile sikio si kimya.

Jioni, saluni ikishafungwa na nyumba imetulia, mle sikioni mlikuwa na pumzi. Na nyuma ya pumzi, mbali, palikuwa na sauti aliyoijua. Laini, iliyonyooka, ya mtoto anayesikia. Sauti ya binti yake, ile aliyoiacha kule. Ilikuwa inaita.

*Baba.*

Alijiambia ataisikiliza kidogo tu. Hakuna ubaya, kusikiliza. Alikaa kwenye kochi, mkewe yuko zamuni, dirishani pakiwa pekundu kisha kijivu. Akainamisha kichwa ili lile sikio lielekee ukutani...

*Baba. Huku kuna nafasi.*

Kiganja kidogo kikamfunika mdomo.

Besi akashtuka. Chiriku alikuwa amesimama mbele yake, macho yamemtoka. Alikuwa amemtazama kwa muda, hakuna ajuaye muda gani. Alimbana midomo kwa mkono mmoja, kwa nguvu, na kwa mkono mwingine akaongea, taratibu, ili asikosee hata kidole kimoja.

*Baba, midomo yako inasema "naja, Chiriku".*

Na baada ya hapo:

*Usimjibu. Huyo si mimi.*